Safari ya Nyamarambe: Gari Lililochemka Nyumbani kwa Wakwe



Sisi watu wa mwambao tukiitaja Kisii, aghalabu hutaja mawe. Twayaona kila siku katika vibanda vya kuwauzia watalii: sahani, vinara, viboko na ndovu wadogo waliochongwa wakang'arishwa, mengine meupe, mengine ya kijivu, mengine ya rangi ya waridi. Mawe hayo huchimbwa Tabaka, katika nyanda za Wagusii. Ni wachache wetu wajuao kwamba si mbali na machimbo hayo upo mji mdogo wa soko uitwao Nyamarambe, katika jimbo la Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Huko ndiko tuliko na wakwe, na huko ndiko tulikofunzwa somo tunalotaka kuwaletea wiki hii.

Nyamarambe ni nchi ya vilima. Hakuna mahali utakaposimama usione kilima mbele yako na kingine nyuma yako, na vyote vimelimwa hadi kileleni. Mashamba ni madogo madogo, yamepakana kama viraka vya kanga kuukuu: hapa mahindi, pale miwa, kule migomba, na baina yake ua la miti. Udongo ni mwekundu na mzito. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mara nyingi huja alasiri. Asubuhi mbingu ni safi, adhuhuri mawingu yamekusanyika, na baada ya saa mbili tatu mabati yote yanalia kwa pamoja. Chini bondeni wapita Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, ukienda zake kumwaga maji katika Ziwa Viktoria.

Wenyeji ni watu wa heshima na wa maneno machache ya kukaribisha, lakini yenye uzito. Asubuhi watakwambia "bwakire", nawe ukiitika kwa Kigusii chako kibovu watacheka kwa furaha na kukuongezea uji. Tulipoandaliwa chakula tulitambua mboga zetu wenyewe kwa majina mageni: chinsaga yao ndiyo mgagani wetu, na rinagu yao ndiyo mnavu. Mama wa nyumba yetu alifurahi mno, akasema hakujua kwamba amesafiri siku mbili kwenda kula mnavu.

Nasi tulikwenda kwa jambo la kheri. Mkaza mwana wetu ni binti wa huko. Alisilimu, akaolewa na kijana wetu, na mwaka huu Mwenyezi Mungu amewaruzuku mtoto. Bibi yake mtoto, mama mzazi wa mkaza mwana, hakuweza kuja pwani kwa sababu ya magoti. Mjukuu alipotimiza miezi mitatu tukaona si adabu kumwacha bibi akimwona kwenye picha za simu tu. Tukashika njia watu wanne na mtoto mchanga: sisi, mama wa nyumba, mkaza mwana, na kijana wetu aliyekuwa akiendesha. Gari lilikuwa dogo, la umri wa miaka mingi, lililozoea safari za Mombasa na Malindi.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Kisii kwa njia ya Narok na Bomet ni takriban kilomita 300 nyingine. Siku ya kwanza tulilala Nairobi bila la kusimulia. Siku ya pili tuliteremka bonde la ufa hadi Mai Mahiu, tukavuka nyika, tukapita Narok. Hapo barabara ilipoanza kupanda kuelekea Bomet, sindano ya joto katika dashibodi nayo ikaanza kupanda. Kabla ya kufika Keroka tulinusa harufu tamu kama ya sharubati iliyoungua, na mvuke ukatoka pembeni mwa boneti.

Fundi mmoja wa njiani alifungua boneti, akatazama, akatikisa kichwa. Alisema gasketi ya silinda hedi imekufa na injini haina budi kufunguliwa. Bei aliyoitaja ilizidi karo ya muhula mmoja ya watoto wawili. Hakuwa amepima kitu. Tulimshukuru, injini ilipopoa tukaongeza maji, tukaenda polepole tukipumzika kila penye mwinuko, hadi tukafika Nyamarambe alasiri ya Alhamisi, mvua ikitutangulia uani.

Usiku ule maneno yalikuwa mengi. Jirani mmoja alishauri tuitoe themostati tuitupe, kwani magari mengi hutembea bila hiyo. Mwingine alisema tubebe madumu ya maji tuongeze njiani mpaka nyumbani. Lakini sisi tulikuwa tukimtazama mtoto aliyelala mapajani mwa bibi yake. Wakati wa kurudi tungepaswa kuupanda ule mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, malori yakiwa mbele na nyuma, kisha tuvuke Tsavo kwenye jua, ambako baina ya Mtito Andei na Voi msaada huwa mbali. Mzazi hambebi mtoto wa miezi mitatu katika gari asilojua linaumwa nini. Tukaazimia kwamba asubuhi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, tutalipima gari pale pale uani, jambo moja baada ya jingine, kwa utaratibu.

Tunaandika utaratibu huo kwa kirefu kwa kuwa twajua wengi wa wasomaji wetu ni akina mama wanaoendesha magari kupeleka watoto shule na kwenda sokoni, na kwamba mwanamke akifika gereji peke yake huambiwa mengi.

Kwanza kabisa tuseme juu ya usalama. Gari likichemka barabarani, zima kiyoyozi, na ukiweza fungulia hewa ya moto ndani ya gari kwa nguvu zote. Itawaudhi abiria, lakini itaipunguzia injini joto. Egesha mahali tambarare, uzime injini, uwatoe watoto wakae mbali na boneti na mbali na barabara. Wala usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyomo yamebanwa kwa nguvu, na yakipata upenyo huruka kwa kishindo na kuunguza uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi, hata uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukiondoa. Hata hapo, shika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe robo, usubiri, kisha ndipo umalize. Wala usiimwagie injini yenye moto maji baridi, kwani chuma hupasuka kama gilasi iliyotoka motoni.

Wakati bora wa kupima ni asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Ndivyo tulivyofanya siku ya Ijumaa baada ya sala ya Alfajiri na uji.

Jambo la kwanza lilikuwa kutazama chini. Usiku tulitandaza katoni safi chini ya injini. Asubuhi haikuwa na tone. Lau tungeona maji ya rangi ya kijani au nyekundu, tungejua panavuja, na mahali lilipo tone pangetuonyesha pa kutafuta: chini ya rejeta, kwenye maungio ya mipira, au penye wota pampu, ambayo ina tundu dogo linalotoa maji mhuri wake wa ndani unapoharibika. Penye uvujaji mdogo huota ukoko mweupe au wa kijani kama chumvi ya pwani ukutani. Tulitazama pia zulia la ndani upande wa abiria wa mbele. Likiwa limelowa na kunuka utamu, basi ni ile rejeta ndogo ya kupasha hewa ya ndani inayovuja. Letu lilikuwa kavu.

Jambo la pili lilikuwa oili. Tulichomoa kijiti cha kupimia, tukakifuta kwa kitambaa cheupe, tukafungua na kifuniko cha kumiminia oili tukatazama upande wa chini. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na huwa na povu zito. Ikiwa hivyo, maji na oili vimekutana ndani, na gasketi ya silinda hedi huwa mshukiwa mkubwa. Yetu ilikuwa nyeusi ya kawaida. Basi ule uamuzi wa fundi wa njiani ukapungua nguvu, ingawa haukufa bado.

Jambo la tatu lilikuwa mkanda na feni. Mkanda unaozungusha wota pampu ulikuwa mzima, haukuwa na nyufa wala haukulegea. Kuhusu feni, iko kanuni nyepesi ya kukumbuka. Gari linalochemka likisimama kwenye msongamano lakini likapoa likikimbia barabara kuu, mtuhumu feni, maana gari likikimbia upepo hufanya kazi ya feni. Gari linalotulia likisimama lakini likachemka mlimani au kwa mwendo mkubwa, tuhumu rejeta iliyoziba, maji yasiyozunguka vizuri, au maji yaliyopungua. Letu lilikuwa la aina hii ya pili. Tukatazama mapezi ya rejeta kwa mbele, tukayakuta yamejaa wadudu na mbegu za nyasi za safari nzima. Mkaza mwana akayaosha kwa mpira wa maji kutokea upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke kule ulikoingilia. Ilisaidia, lakini haikutosha kuwa jibu.

Jambo la nne likawa lenyewe. Kijana alifungua kifuniko cha rejeta iliyokuwa baridi, akakuta maji yameshuka sana. Ilichukua karibu lita moja kuyarudisha hadi shingoni. Lakini kando yake, lile tangi dogo la plastiki la akiba lilikuwa limejaa hadi juu, linataka kumwagika.

Bibi alikuwa ameketi kibarazani, mjukuu mgongoni, akitazama yote. Hajapata kuendesha gari. Aliuliza, "Mwanangu, mbona maji yamejaa nje na ndani hayamo? Nani anayazuia kurudi?"

Tulinyamaza sote, kwani hilo ndilo lilikuwa swali.

Na hapa twaomba wasomaji watuvumilie tueleze namna kitu hiki kinavyofanya kazi, kwani akina mama wataielewa upesi kuliko wengi. Maji yakiwa wazi usawa wa bahari huchemka katika nyuzi 100. Ukipanda juu, hewa huwa nyepesi, haiyabani maji sana, nayo huchemka mapema: kwa kila mita 300 za kupanda, joto la kuchemka hupungua takriban nyuzi 1. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamarambe uko chini kidogo ya hapo. Huko maji ya wazi huchemka katika nyuzi 94 au 95 tu. Ndiyo sababu mama wa nyumba alipowekwa jikoni alishangaa maji yamechemka mbio lakini maharagwe yamekawia kuiva. Yalikuwa yakitokota, lakini hayakuwa na moto wa Mombasa.

Sasa injini ya gari hupenda kufanya kazi karibu na nyuzi 90, na ikipanda mlima huzidi hapo. Kama maji yake yangekuwa wazi, yangechemka katika kila kilima cha Ugusii. Kinachoyazuia ni vitu viwili. Cha kwanza ni kulanti, ile dawa ya rangi ichanganywayo na maji, ambayo huinua joto la kuchemka na kuzuia kutu. Cha pili ni kile kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi na mpira vinavyoyabana maji kama kifuniko cha sufuria ya presha, na kubanwa huko huinua joto la kuchemka kwa karibu nyuzi 20. Maji yakipanuka kwa joto, kifuniko huyaruhusu machache kupita kwenda tangi la akiba. Injini ikipoa, kidude kidogo chini ya kifuniko hufunguka na kuyavuta yale maji kurudi rejetani. Kifuniko kina milango miwili: mmoja wa kutoka, mmoja wa kurudi.

Tulikigeuza kifuniko chetu. Mpira wake ulikuwa umekakamaa na una ufa wa upande mmoja, na kile kidude cha chini kilikuwa kimegandamana kwa kutu. Hakikuweza kubana wala kurudisha. Pwani, kwenye barabara tambarare, ugonjwa huo ulijificha. Maji yalipotea kidogo kidogo, na yaliyobaki yalitosha. Ulipofika mwinuko, na gari limejaa watu na mizigo, na hewa ni nyepesi, kila kupanda kulisukuma maji nje na kila kupoa hakukuyarudisha. Milima haikuliharibu gari. Iliutoa nje ugonjwa uliokuwamo.

Hata hivyo hatukukimbilia kufurahi. Dalili moja huweza kumdanganya mtu, na tulitaka kumaliza shaka ya gasketi. Rejeta ikiwa imejaa na kifuniko kimeachwa wazi, tuliwasha injini baridi, tukasimama kando, tukatazama shingoni. Mapovu machache yalitoka mwanzo, hewa iliyokuwa imebaki ndani, kisha yakakoma. Lau mapovu yangeendelea kububujika bila kukoma, ingekuwa dalili ya moshi wa ndani kupenya kwenye maji, na hapo gasketi ingekuwa na kesi ya kujibu, hasa kama bomba la moshi nalo lingetoa moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma injini inapopata moto. Jaribio hili lafanywa kwa dakika chache tu, na lakomeshwa kabla injini haijapata moto, maana maji yatapanda yafurike.

Kisha tukaweka kifuniko, tukaiacha injini ipate moto kwa utulivu, nasi tukaishughulikia ile themostati ambayo jirani alitaka itupwe. Hii ni kilango kidogo kinachobaki kimefungwa injini ikiwa baridi, na aghalabu huanza kufunguka katika nyuzi 82 au zaidi kidogo, kutegemea gari. Rejeta ina mpira mkubwa wa juu na mwingine wa chini. Injini ikishapata moto wa kazi, mpira wa juu huwa moto, na baada ya kilango kufunguka wa chini nao hupata joto. Wa juu ukiwa moto sana na wa chini ukabaki baridi, huenda themostati imekwama au rejeta imeziba. Mpira wetu wa chini ulipata joto. Themostati ilikuwa hai, haikustahili kutupwa. Gari lisilo nayo huchelewa kupata moto wake wa kawaida, hunywa mafuta zaidi, na injini huchakaa haraka.

Kwa faida ya atakayeikuta imekwama, iko njia ya jikoni ya kuithibitisha. Ikishatolewa na fundi, ifunge uzi, itumbukize katika kopo la bati lenye maji bila kugusa chini wala pembeni, uweke jikoni. Maji yanapokaribia kuchemka, kilango chapaswa kufunguka mbele ya macho yako. Hata Kisii, ambako maji huchemka katika nyuzi 94 au 95, joto hilo latosha. Lakini tafadhali tumia kopo la kutupa, usitumie sufuria ya chakula, kwani kulanti ni sumu. Tena ni sumu yenye utamu, na ikimwagika uani watoto wadogo na paka huilamba. Osheni pale kwa maji mengi, na dumu lake liwekwe juu, mbali na mikono midogo.

Mwisho, injini ikiwa na moto, tuliuzima moto wake, tukaubonyeza mpira wa juu kwa kitambaa. Ulikuwa laini kama mpira wa baiskeli usio na upepo, ilhali mpira wa gari zima lenye moto huwa mgumu kwa ule mbano wa ndani. Shaka ikaisha.

Siku hiyo ya Ijumaa tulipanda matatu hadi mjini Kisii, sisi na kijana, tukasali pamoja na Waislamu wa huko. Baada ya sala tukatafuta duka la vipuri. Tulikuwa tumekibeba kifuniko kibovu mfukoni, na hilo tunalisisitiza: nenda na cha zamani. Juu yake pameandikwa nambari, kama 0.9 au 1.1, nayo ni kipimo cha nguvu ya kubana. Kipya kiwe na nambari ile ile. Chenye nguvu ndogo kitachemsha mapema, na chenye nguvu kupita kiasi kitapasua mpira au rejeta iliyozeeka. Tulinunua pia kulanti. Gharama yote, pamoja na nauli ya matatu, ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile bei ya njiani.

Tuliporudi, mvua ya alasiri ilikuwa imejaza mapipa chini ya paa. Tulisubiri paa lioshwe na mvua ya mwanzo, tukakinga maji safi, tukayachuja kwa kitambaa, tukayachanganya na kulanti nusu kwa nusu kama ilivyoandikwa kwenye dumu. Hapa sisi wa mwambao tuna la kujifunza. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na wengi wetu hujaza rejeta kwa maji hayo hayo. Chumvi hula chuma, huacha magadi katika vijia vyembamba vya rejeta, na ndiyo huozesha hata vifuniko. Ikiwa huna maji yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, maji safi ya mvua ni bora mara nyingi kuliko ya kisima.

Siku ya Jumamosi, wenyeji walipokwenda kanisani, kwani wao ni Waadventista na hiyo ndiyo siku yao, kijana alilipeleka gari kwenye kilima kirefu kuliko vyote vya karibu, kisha cha pili, kisha cha tatu. Sindano haikupita katikati. Aliporudi mpira wa juu ulikuwa mgumu. Jioni, injini ilipopoa, tukaenda kutazama lile tangi dogo: maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye alama yake, na rejeta imejaa. Maji yalikwenda na kurudi. Bibi aliitwa aje aone, akacheka, akasema hata ng'ombe hurudi zizini mlango ukifunguliwa.

Twataka kusema neno juu ya nyumba ile. Dini zetu ni mbili, na siku binti alipobadili dini palikuwa na machozi ambayo hatutayasimulia hapa. Lakini tulipofika tulikuta chumba kimefagiliwa kwa ajili ya sala, ndoo ya maji ya udhu mlangoni, na sufuria mpya zenye karatasi ya dukani bado, ili tusiwe na wasiwasi juu ya chakula. Hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo. Nasi kwa siku tatu zile tulikuwa wenye haja, tumesimama uani na mikono michafu, nao wakatushikia taa, wakatuletea maji, wakatuulizia maswali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii aliyepona alikuwa mgeni. Mkaza mwana alituambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu ndoa yake kumsikia mama yake akicheka na baba mkwe wake.

Jumapili tulianza safari ya kurudi. Katika mwinuko wa kutoka Mai Mahiu, jina ambalo kwa Kikikuyu maana yake ni maji ya moto, barabara hupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Tulipita malori yaliyosimama kando, boneti wazi na matawi yametandazwa barabarani kutoa tahadhari. Mtoto alikuwa amelala. Sindano ilibaki katikati.

Ndugu zetu, hatusemi kila mtu awe fundi, wala hatuwadharau mafundi, ambao wengi wao ni waaminifu na kazi yao ni ngumu. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, mapovu yakiendelea, moshi mweupe ukitoka bila kukoma, au sindano ikigusa nyekundu, usiendelee kuendesha. Liburute gari hadi kwa fundi unayemwamini, kwani injini ikikwama gharama huwa kubwa kuliko subira. Tunachosema ni kwamba mtu akifika kwa fundi akijua alichokiona, kwamba chini ni pakavu, oili ni safi, tangi limejaa na rejeta imepungua, mazungumzo huwa mengine kabisa. Na mara moja kwa wiki, asubuhi injini ikiwa baridi, tazameni tangi la akiba na oili. Kazi hiyo haichukui muda wa kuchemsha chai, na binti wa miaka 15 aweza kufundishwa akaifanya.

Na walio na wakwe wa mbali, wawaendee. Mali huliwa na vipuri na petroli, lakini bibi haongezewi miaka.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu bara na pwani, awaponye magoti wazee wetu, na awakuze watoto wetu katika mapenzi ya pande zote mbili za nasaba yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.